Ziwa Lisilo na Mashua

Duka la Vioo na Fremu
Kisumu
14 Machi 1988

Kwa Bwana Absalom Onditi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na mama Dorca na watoto hamjambo. Mimi sijambo, isipokuwa goti.

Picha zako tatu zimefika na lori la samaki. Dereva Wakoli alizishusha mwenyewe, akazipangusa vumbi kwa mkono wa shati, na duka langu likanuka omena hadi Jumatano. Mteja mmoja aliyekuja kununua kioo cha kunyolea aliniuliza kama siku hizi nauza na kitoweo.

Sasa nikuambie ukweli, maana tumefanya kazi pamoja miaka miwili na sipendi kukuficha. Tangu Krismasi sijauza hata picha yako moja. Zimekaa ukutani kati ya picha za Yesu na za Lakshmi, mungu wetu wa mali, na hao wawili wanauzika kila wiki. Watalii wanaingia, wanasimama mbele ya kazi yako, wanasema nzuri, nzuri, kisha wananunua kikapu na kwenda zao. Juzi nilimkamata mmoja, mama wa Kizungu mwenye kofia pana, nikamwuliza: kama ni nzuri, mbona huichukui? Akasema watu ni wengi mno. Nikahesabu. Katika ile ya soko la asubuhi umeweka watu arobaini na mmoja, na mbwa. Mama akasema akiwa kwake anataka kuketi aangalie ziwa apumzike, na mbele ya watu arobaini na mmoja hapumziki, anaona kama wote wanamngoja yeye.

Basi naomba hivi. Nichoree ziwa tupu. Maji, mbingu, mti mmoja ukipenda. Pasiwe na mtu, pasiwe na mashua, na huyo mbwa abaki nyumbani. Tujaribu moja tuone.

Wako,
Kantaben


Luanda Kotieno
29 Machi 1988

Mama Kanta,

Pole na goti. Dorca anasema ulipake mafuta ya samaki mbuta asubuhi na jioni. Duka litanuka tena, lakini utatembea.

Ziwa tupu sichori. Usikasirike. Halafu hesabu upya: watu si arobaini na mmoja, ni arobaini na watatu. Wawili wako nyuma ya nyavu, inaonekana miguu tu. Kila mmoja namjua kwa jina. Yule mwenye kitambaa chekundu anayeanika omena ni Aoko, na nikimwondoa atajua, maana alinisimamia siku nzima akiniambia mkono wake si mnene hivyo.

Wewe unajua jinsi ninavyoishi. Nachora mashua za watu ili tule: jina ubavuni, mistari, na jicho mbele. Hiyo ni mali ya mwenye mashua. Akitaka bluu, napaka bluu. Lakini picha ninazochora juu ya magunia ya unga ni zangu, na hapo siamriwi. Tena ziwa tupu halimpendezi mtu wa huku. Nadhani hilo unalijua, umezaliwa Kisumu.

Jambo jingine. Shemeji yangu Nicodemus, kaka yake Dorca, yuko kwenye kiwanda cha sukari kule Muhoroni. Mzee anayepaka namba kwenye trela za miwa anastaafu mwisho wa mwaka, na Nicodemus ameniwekea nafasi yake. Kazi hiyo niliifanya mwaka wa 1984, miezi saba. Namba moja hadi mia nne, nyeupe juu ya nyekundu, na ukifika mia nne unakuta moja imeshachubuliwa na miwa, unaanza tena. Nimemwambia Dorca kwamba mwaka ukiisha na picha haziuziki, nitakwenda. Kwa hiyo uza, Mama Kanta.

Oriti,
Absalom Onditi


Kisumu
11 Aprili 1988

Bwana Absalom,

"Uza, Mama Kanta." Unaniambia kama mtu anayemhimiza mwenzake apike huku amezikalia kuni.

Marehemu mume wangu, Jayantilal, alikuwa akisema kwamba mteja huingia dukani na ukuta wake kichwani. Hanunui kilicho kizuri, ananunua kinachoenea pale. Wewe unawachorea watu ukuta ambao hawana. Na unacho kiburi, nakwambia kama ndugu. Nimekuomba picha moja, si roho.

Ni kweli nimezaliwa Kisumu, lakini upande wa maduka. Ziwa kwangu ni upepo wa saa kumi unaonibamizia mlango. Na hao watu wa huku unaosema halitawapendeza, lini wamenunua picha? Wanakuja kununua vioo. Lisiwapendeze, hakuna aliyewauliza.

Fikiri tena. Mafuta ya mbuta nimepaka siku mbili, na sasa paka wote wa mtaa ni rafiki zangu.

Kantaben


Luanda Kotieno
8 Mei 1988

Mpendwa Mama Kanta,

Pokea salamu za mimi Dorca, mke wa Absalom. Tumeonana mara moja tu, siku niliyokuletea ngege wa kukaanga ukaniambia nyumbani kwenu hamli samaki, nikaona haya hadi leo. Absalom hajui kama nimeandika. Barua nimempa Wakoli mkononi, na nimemwapisha.

Ninayajua mnayoandikiana. Barua zako anazificha chini ya mkebe wa rangi, na mwenye kufagia ni mimi. Umemwambia ana kiburi. Anacho kweli, na mimi ndicho nilichokubali kuolewa nacho, maana wale wengine waliokuja kunichumbia walikuwa na ng'ombe tu.

Mama, sitaki aende Muhoroni. Kaka yangu anadhani ananisaidia. Lakini Absalom aliporudi baada ya ile miezi saba alikuwa mtu wa kuhesabu. Aliketi mlangoni akihesabu mbuzi wa jirani, akimaliza anaanza upya. Hakugombana na mtu, hakumtania mtu. Nilikuwa namwogopa kuliko ambavyo ningemwogopa mlevi. Ilichukua mwaka mzima hadi siku aliponiambia chapati zangu zingefaa kuziba mashua, nikaingia ndani nikalia kwa furaha.

Nina shauri moja. Absalom haombeki, lakini anaagizika. Mwenye mashua akimwagiza mstari wa kijani, na yeye kijani anakichukia, anapaka na anapiga mluzi. Kwa hiyo usimwambie tena mambo ya wageni wanapenda hiki, wageni wanapenda kile. Mwambie kuna mteja, ameagiza, anangoja. Mtu aliyeagizwa hajashindwa, yuko kazini. Hata kama ni hilo ziwa tupu. Sisi huku hatulipendi kabisa, lakini picha ya wageni itaonwa na wageni, itapanda ndege iende kwao.

Barua hii uichome.

Ni mimi,
Dorca Awuor


Kisumu
2 Juni 1988

Bwana Absalom,

Nina agizo. Daktari mmoja, mgeni, anarudi kwao mwisho wa mwaka na anataka kuondoka na ziwa la kwenu. Kubwa, futi nne kwa tatu. Iwe asubuhi. Hataki watu na hataki mashua majini. Nilimbishia, nikamwambia mchoraji wangu hachori hivyo. Akasema basi atatafuta mwingine. Nikamwambia angoje nikuulize.

Si mimi ninayetaka, mimi ni posta tu. Jina lake ni gumu, halikunikaa kichwani. Nakutumia turubai la kweli kwa mkono wa Wakoli, ili huyu asije akageuza picha akasoma kwa nyuma "Unga Daraja la Kwanza, kilo tisini".

Kantaben


Luanda Kotieno
25 Julai 1988

Mama Kanta,

Picha ya daktari hiyo.

Aliagiza mashua zisiwe majini, nimetii. Lakini mashua haziyeyuki. Ziwa likiwa tupu, lazima ziwe mahali, kwa hiyo nimezivuta nchi kavu nikazipindua kifudifudi, saba, kila moja na mistari yake kama nilivyoipaka mwenyewe. Ya pili kutoka kushoto, nyeusi na njano, ni ya kaka yangu Ochieng. Ufuoni hakuna mtu. Sijawahi kumaliza picha kubwa haraka hivi, siku nne tu. Dorca hakutaka kuiangalia.

Mpe mwenyewe aende nayo. Isikae sana hapo dukani.

Nicodemus ameandika, anataka vipimo vya ovaroli. Nimempelekea.

Absalom


Kisumu
12 Agosti 1988

Bwana Absalom,

Nimesimama mbele ya picha yako nikasahau chai ikapoa. Maji yale, ile rangi ya kijivu kabla jua halijashika, sikujua kama unaweza kunyamaza hivyo. Nimeiweka dirishani tangu Jumatatu, wakati tunamngoja mwenyewe.

Na sasa ujue kwamba ulinidanganya. Ulisema haitawapendeza watu wa huku. Mwaka wa ishirini na mbili niko katika duka hili na sijawahi kuona akina mama wa samaki wakisimama dirishani kwangu. Tangu Jumatatu wanasimama. Wanaitana. Jana mmoja, mama mnene wa makamo, aliiangalia, akasogea, akanyoosha kidole kwenye kioo akihesabu zile mashua, kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka kwa uzuri wa picha. Nilitoka nje nimkaribishe chai, lakini alikuwa ameshaondoka mbio, nadhani kuwaita wenzake.

Unaona? Uliwadharau watu wako mwenyewe.

Kwa furaha,
Kantaben


Luanda Kotieno
16 Agosti 1988

Mama Kanta,

Barua yako ya furaha nimeipata jana. Yule mama mnene ni shangazi yangu Selpha, dada wa baba, anakaa Kaloleni, mtaa wa hapo kwenu Kisumu. Na kweli alikwenda kuwaita wenzake.

Jumamosi saa nne asubuhi lori liliteremka hapa bichi na matawi ya miti yamefungwa mbele. Ndani yake walikuwa watu thelathini na mmoja wa Kaloleni, magunia mawili ya unga, moja la mchele, na jogoo. Shangazi Selpha aliruka kabla halijasimama, mikono kichwani, akilia hadi kule ng'ambo nadhani walisikia. Watu wote wa bichi wakaacha kazi.

Kaka yangu Ochieng alikuwa kibandani kwa Dorca anakula ngege. Ochieng ni mtu wa heshima zake, msiba ukifika analia kwanza, anauliza baadaye. Akanawa mikono, akaingia katikati yao, akalia nao muda mzuri tu. Mwishowe akamwuliza shangazi kwa sauti ya chini, "Waya, shangazi yangu, ni nani ametuacha?" Shangazi, amejifunika uso kwa leso, akamjibu, "Ni Ochieng, mtoto wa kaka yangu." Ochieng akalia zaidi. Kisha akauliza, "Ochieng gani?"

Hapo shangazi alifunua uso. Alimpiga kofi la kwanza kwa kuwa hai, na la pili kwa kumwacha alie mbele ya watu.

Mama Kanta, mimi nilidhani unajua. Huku kwetu mtu akizama, hakuna anayeingia ziwani kuvua hadi ziwa limrudishe. Mashua zote zinavutwa nchi kavu, na ufuo unanyamaza. Ukipita mbali ukaona maji matupu asubuhi na mashua zimelala, huulizi kama kuna msiba, unauliza wa nani tu. Shangazi alitoka sokoni, akaliona ziwa letu dirishani kwako likiwa tupu, akaujua mkono wangu, akaona mashua ya Ochieng. Alidhani nimeandika taarifa, maana ndugu wa Kaloleni wasio na simu watajuaje?

Hawakukubali kurudi bila kula walichokuja nacho. Wamekula siku mbili. Ochieng ndiye aliyefurahi kupita wote, maana amesikia sifa zake mapema. Shangazi katika kulia alisema ni mtu mkarimu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema, na tangu hapo anagawa samaki bure kwa watu aliokuwa hasemi nao.

Lakini kuna neno zito. Wazee wa bichi wameketi. Wanasema msiba uliotangazwa hautanguki kwa kicheko, lazima utanguliwe palepale ulipotangazwa. Mashua zirudi majini katika picha ileile, na kila anayepita dirishani azione. Mpaka hapo, wenye zile mashua saba hawashuki ziwani. Wameketi tangu Jumamosi, na wake zao wananitazama mimi.

Sasa nimfanyeje huyo daktari wako?

Absalom


Kisumu
19 Agosti 1988

Ndugu yangu Absalom,

Barua hii nampa Wakoli mkononi, isichelewe.

Nimeona aibu. Yule mama alilia mbele yangu na mimi nikakimbilia kumtilia chai. Nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu. Jayantilal alipofariki nilivaa nyeupe, kama tunavyovaa wajane wa Kihindu. Wiki ya tatu nikafungua duka. Mtalii mmoja akaingia, akaniangalia juu hadi chini, akasema nimependeza, nafanana na bibi harusi. Nilimshukuru. Nikamfungia kioo chake kwa karatasi, nikamrudishia chenji, kisha nikaingia ghalani nikalia katikati ya mafremu. Hakuwa na kosa, rangi aliiona vizuri, hakujua tu kusoma. Na mimi nimesimama dirishani siku tano nikiangalia nguo yenu ya msiba, nasema inapendeza.

Njoo na brashi zako. Daktari niachie mimi.

Lakini kuna la pili, na ningekuwa mwerevu nisingeliandika katika barua moja na hili. Juzi alipita meneja wa hoteli moja ya hapa mjini. Ameiona picha. Anataka kumi na mbili za namna hiyo kwa vyumba vya juu, hata hizo mashua za nchi kavu ziondolewe, yabaki maji na mbingu. Kumi na mbili, Absalom. Ukizichora, Muhoroni wamtafute mtu mwingine, na mwakani unachora watu wako hata mia ukitaka. Mimi ni mfanyabiashara, siwezi kukuficha. Wala siwezi tena kukusukuma. Amua wewe.

Dada yako,
Kantaben


Luanda Kotieno
10 Oktoba 1988

Mpendwa Mama Kanta,

Ni mimi Dorca tena, na tena Absalom hajui.

Asante kwa kumpokea. Alirudi na rangi hadi kwenye viatu. Shangazi Selpha aliniandikia kurasa nne: jinsi alivyochora siku mbili mlango wazi, na watu wa Kaloleni wamejaa dirishani wakimwelekeza, mashua hii isogee, ile isiguse jiwe, na jinsi yeye shangazi alivyokataa kuondoka mpaka Ochieng aonekane amesimama na kasia mkononi, tena anacheka. Anasema siku hizi kila Ijumaa wanapita kuangalia nyumbani kukoje. Na hapa mashua saba zilishuka siku ileile Wakoli alipoleta habari.

Kwa hiyo hilo limekwisha vizuri. Lakini ile hoteli, Mama, alikukatalia na mimi nikaona giza. Aliniambia kuchora ziwa tupu mara kumi na mbili ni kuwazamisha watu kumi na wawili. Mwezi mzima wa Septemba hakugusa brashi. Ovaroli ya Nicodemus ilikuja kwa posta, akaitundika kwenye msumari mlangoni, na kila akitoka anaigusa kidogo. Asubuhi moja nilimsikia anahesabu sufuria zangu.

Wiki iliyopita Ochieng akamchukua ziwani. Huyu Ochieng mpya anahurumia kila mtu, anachosha, lakini siku hiyo Mungu ambariki. Absalom alikuwa anamlalamikia kwamba wageni hawataki watu katika picha. Ochieng akaendelea kupiga kasia, akamwambia, "Sasa hapo mbele yako unaona mtu? Huoni. Unaona maji na pua ya mashua. Na sisi si tupo?"

Alirudi miguu inachuruzika, hata samaki hakushusha, akadai gunia. Nimeiona ya kwanza. Ni ziwa la asubuhi, maji hadi mwisho, hakuna kitu. Ila chini kabisa, karibu nawe, kuna pua ya mashua inayokwenda, na jicho lake na mistari yake. Wewe unayeangalia ndiye uliyeketi ndani. Nilipoisimamia nilishika ukingo wa meza, Mama, nisianguke.

Alichora akipiga mluzi. Amekwisha maliza tatu. Sijui kama huyo meneja atazitaka, na ovaroli bado iko kwenye msumari. Nimeona nikuambie tu, ili zikifika usishangae kwa nini nakuombea.

Dorca


Kisumu
21 Novemba 1988

Ndugu yangu Absalom,

Hoteli imechukua nane.

Nilizipanga zote kumi na mbili kandokando ya ukuta, nikamwacha meneja apite peke yake. Alipita hadi mwisho, kisha akasema, nzuri, tulivu, hakuna watu. Nikasema ndiyo, Bwana. Dakika hiyohiyo shangazi yako Selpha alikuwa mlangoni na kapu lake, ni Ijumaa ilikuwa, akachungulia picha zilezile akasema, "Heri, wameshatoka kuvua." Wamesimama hatua mbili mmoja na mwenzake, na kila mmoja amepata yake. Nilikaa chini kwa sababu ya goti, na kwa sababu ya kucheka.

Zile nne alitaka uzifute pua ya mashua, anasema inaziba maji. Nilimwambia hapana kabla sijakuuliza. Kama nimekosea, umepoteza nne kwa mdomo wangu. Ziko hapa, na mwalimu mmoja wa Kaloleni ameniomba nimwekee mojawapo hadi mwisho wa mwezi.

Sasa niungame, maana haya yamenikaa rohoni tangu Juni. Daktari hakuwako. Ziwa tupu niliagiza mimi, nikamzua mtu ili usikatae. Msiba wote ule, lori na jogoo, chanzo chake ni uongo wangu. Ukikasirika, nikasirikie mimi peke yangu.

Na uniambie habari ya Muhoroni. Zimebaki wiki sita, na sijathubutu kukuuliza.

Kantaben


Luanda Kotieno
4 Disemba 1988

Dada yangu Kanta,

Hukukosea. Pua ya mashua haifutiki. Huyo mwalimu mpe aliyoichagua, na zile tatu zining'inize dirishani, shangazi aangalie.

Uongo wa daktari niliushuku siku ileile nilipoipata barua yako ya Juni. Mtu wa futi nne kwa tatu hawezi kukosa jina, na Agosti nikahakikisha, maana hakuna anayeagiza picha kubwa hivyo kisha akaisahau dirishani kwa watu. Sikukasirika. Na mimi nina langu la kuungama, halafu tuwe sawa.

Barua yako ya Juni ilinikuta nimeshaamua kwenda Muhoroni. Sikumwambia Dorca, sikukuambia wewe. Nilikuwa nimechoka kupenda kitu kisichopendwa na mtu mwingine. Ulipoagiza ziwa tupu nilifurahi, maana mtu anayetaka kuaga hupenda apewe sababu. Nikachora ufuo wetu jinsi utakavyokuwa mimi nisipokuwepo kuuchora. Siku nne, sikupiga mluzi hata kidogo. Nilijua hiyo ndiyo ya mwisho.

Kwa hiyo shangazi Selpha usimcheke. Alichungulia dirishani akaona kuna mtu amekufa Luanda Kotieno, akakodi lori akaja. Hakukosea msiba, alikosea jina. Wenzangu wote walikuwa wanamcheka Ochieng, na mimi nimesimama kando ya mashua nawatazama watu thelathini na mmoja waliotoka Kaloleni kwa sababu ya kitu nilichokichora. Miaka yote nililia kwamba hakuna anayezisoma picha zangu.

Ovaroli nimemrudishia Nicodemus. Dorca aliifua na kuipiga pasi kwanza, ingawa haikuvaliwa, na wakati anapiga pasi alikuwa anaimba. Nimemwandikia shemeji ampe kazi kijana mwingine anayependa namba.

Siku ile waliponipakulia wali nilikula, Mama Kanta, nikaomba sahani ya pili. Si wengi wanaobahatika kula matanga yao wenyewe.

Tuma turubai.

Absalom Onditi